Mtaa Mzima Nyuma ya Namba Moja

Siku hiyo ofisini mjini tulikuwa wanne: bosi, mwenye kampuni ya intaneti, karani wake, mdogo wangu wa kike, na mimi, fundi wa kuvuta waya za intaneti. Wazazi wetu walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule kidato cha pili. Mshahara wangu haukutosha. Kilichotulisha ni kazi ya mdogo wangu ya kusikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuziandika kwa kompyuta, pale nyumbani, mtaa wa Woodley.

Wiki hiyo kampuni ya ng'ambo iliyompa kazi hiyo ilimfungia akaunti. Kwenye intaneti kila mtu huonekana kwa anwani ya namba. Namba za zamani zimekwisha, kwa hiyo bosi alikuwa ameuweka mtaa wetu wote nyuma ya namba moja. Jirani alipofungua akaunti kwa kampuni ile ile, wakaona watu wawili, namba moja, wakamwita mdogo wangu mdanganyifu. Wakampa hadi kesho kujitetea.

Anwani za aina mpya zilikuwepo tele, kila nyumba ingepata yake. Mitambo yetu ilikuwa tayari. Nilimwomba bosi aziwashe tu.

"Nani mwingine amelalamika?"

"Hakuna, bosi. Watu hawajui."

"Basi hakuna shida."

"Bosi, kazi yangu inaenda," mdogo wangu akasema.

"Si uolewe, madam."

Karani alicheka mpaka akapangusa macho.

Simu ikalia. Mteja wa Loresho, mtaa wa matajiri, yuko safarini, hazioni kamera za nyumba yake. Ameambiwa dawa ni anwani mpya, na asipopata leo anahamia kampuni nyingine. Bosi alisimama kumjibu. "Leo leo, mheshimiwa."

Akaanza kuwasha za Loresho hapo hapo.

"Na Woodley?" nikauliza.

"Hiyo ni kazi ya ziada. Nikiwawashia, utanifanyia kazi kila Jumapili, bure, mpaka nitosheke. Mungu mwombeni Jumamosi."

Nikakubali. Jioni mdogo wangu alikuwa na anwani yake peke yake. Akaandika utetezi, akaambatisha kitambulisho. Kampuni ya ng'ambo ikajibu kwamba uamuzi haubadiliki. Jirani alijisajili upya kwa anwani yake mpya, wakampokea.

Sasa mdogo wangu anafua nguo za watu mtaa wa Karen. Bosi anawaambia wateja yeye huona mbali.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kama ametosheka.

"Nani amekwambia?" akasema, akanielekeza ilipo ngazi ya kupandia nguzo.