Mteja alisaini waiver, akavunjika mkono kwenye darasa langu la skating

Wakuu, niaje.

Hii sikusimuliwa na mtu, yamenipata mimi mwenyewe, na chumvi sitaongeza. Kama una biashara ambayo mteja anaweza kuumia akiwa kwako, iwe gym, swimming au bouncing castle, kaa kidogo usome.

Mimi hufundisha watu wazima skating kila Jumamosi kwenye parking ya jengo moja la ofisi, Upper Hill. Wikendi magari ni machache, sakafu ni laini, na mwenye jengo alikubali. Naipenda hii kazi kuliko ile ya ofisini, bosi wangu akisoma hapa na asome.

Nilipoanza niliambiwa biashara kama hii haiendi bila waiver, yaani karatasi ambayo mteja anasaini kwamba akiumia hatakushtaki. Nikachapisha maneno yake, nikayabandika juu ya kila ukurasa wa daftari la kujiandikisha. Chini nikachora safu: jina, simu, "umesoma na kukubali?", sahihi.

Sasa mnajua vile sisi husaini vitabu vya wageni getini.

Hakuna anayesoma yaliyoandikwa juu. Wa kwanza akiandika "ndiyo", wengine wote wanapiga vile vistari viwili vya ditto na kusonga. Nami nikiona ukurasa umejaa ditto, najiambia niko salama kabisa.

Kati ya wateja wangu kulikuwa na Bi Zuhura, mama wa Mombasa anayeishi Kileleshwa na kuuza vitambaa town. Alikuja kujifunza kwa sababu watoto wake walimwambia hawezi. Anacheka hata akianguka, na bidii anayo kuliko vijana wangu wote.

Jumamosi moja alipiga kona safi kabisa, magurudumu yakapita juu ya oil iliyovuja kwenye gari la mtu. Akaenda chini. Mkono ukavunjika.

Tulimkimbiza hospitali, mumewe akafika, nikaondoka.

Kisha nikanyamaza. Wakuu, sikupiga hata simu. Nilikuwa nimesikia kwamba ukisema pole umekubali makosa, na mambo yatakugeukia kortini.

Mumewe ndiye aliyepiga. "Kijana, mke wangu avunjika kwenu na hata pole hakuna? Basi tutaonana kortini."

Nikamjibu kwa kiburi, "Mzee, alisaini."

Akakata simu. Kesi moja tu ingefunga darasa langu.

Nikaenda kwa wakili mmoja hapo katikati ya jiji, mama mpole lakini hana mchezo. Nikamwekea daftari mezani. Alipitisha kidole kwenye zile ditto, akacheka mpaka akavua miwani.

"Hii ni waiver ama ni kitabu ya soja wa geti?"

Alipomaliza kucheka akanieleza. "Skiza. Mtu akianguka sababu bado anajifunza ku-balance, hiyo ni risk ya mchezo. Kama alielezwa vizuri na akakubali, karatasi inaweza kukusaidia. Lakini oil kwa floor si mchezo. Kuangalia floor ni kazi yako. Hakuna karatasi inakupea ruhusa ya kutochunga watu."

Nikamwomba aniandikie nyingine kali zaidi.

"Nitakuandikia. Lakini umeenda kumwona?"

"Bado."

"Enda. Usiahidi kitu hujafikiria, lakini enda umwambie pole."

Nilienda Kileleshwa. Mzee alifungua mlango bila tabasamu. Bi Zuhura alikuwa kwenye kochi, mkono kwenye plasta. Nikasema ukweli wote: kulikuwa na oil, asubuhi hiyo hatukukagua sakafu, pole sana.

"Mwanangu," akasema, "mimi kesi sikuitaka. Ile karatasi yako yasema nikivunjika ni shauri yangu. Nikangoja nione kama na wewe wasema hivyo."

Nililia, wakuu. Mtu mzima na ndevu zangu. Mzee akaniuliza kama nakula viazi vya karai.

Bili ya hospitali tulielewana, na kortini hakuna aliyeenda.

Siku hizi tunakagua na kupiga deki sakafu kabla mtu hajavaa viatu. Nimechukua insurance ya wateja. Kila mgeni ana karatasi yake, naisoma kwa sauti na maswali yanaulizwa. Karatasi bado naiheshimu, ila nimejua inaanzia na kuishia wapi.

Namshukuru yule wakili, maana angeweza kuchukua pesa yangu na kuniandikia vitisho tu. Na Bi Zuhura sina hata cha kumlipa. Kwenye skates hajarudi, anasema mfupa mmoja unatosha.

Lakini Jumamosi iliyopita alishuka kwenye gari na dada yake mdogo, akamshika mkono, akanikabidhi.

Wenye biashara za aina hii, nyinyi mnafanyaje? Na mawakili mlio humu, nikosoeni nilipoteleza.