Kompyuta Iliyokuwa Ikinisomea

Presha ya macho ilinipofusha nikiwa bado nafundisha shule ya msingi Sigino. Nikaacha kazi, nikahamia Nakwa kwa wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Binti yangu wa pekee alikuwa ameolewa Mbeya. Yeye ndiye aliyeninunulia kompyuta, moja ya zile zilizouzwa na ofisi fulani ya mkoa wetu mpya ilipoletewa nyingine. Fundi wa mjini akaiwekea programu ya kuwasomea wasioona.

Sauti yake ilikuwa kavu, na Kiswahili chake kilichekesha. Lakini ilinisomea mimi peke yangu. Nilifunga mlango, nikavaa visikilizio, nikasikia katika barua pepe za binti yangu mambo ambayo asingeyasema kwenye simu mumewe akiwa pembeni.

Kisha barua pepe zikakataa kufunguka. Nikamwita fundi. Alisema ataweka matoleo mapya ya programu, akahangaika mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini.

"Mwalimu, imekataa," alisema. "Waliotengeneza programu wameacha kuhudumia kompyuta zenye prosesa, yaani ubongo, wa aina hii."

"Kimeharibika nini?"

"Hakuna kilichoharibika. Ni nzima, ila ni ya zamani."

"Nani ameamua?"

"Wenyewe huko. Walitangaza mtandaoni."

"Tangazo hilo mimi ningelisoma kwa kutumia nini?"

Alikusanya vifaa vyake, akaniaga kwa upole.

Kompyuta iliendelea kusema. Iliweza kunisomea barua za zamani nilizohifadhi, yaani yale niliyokwisha kuyajua. Mpya haikuingia hata moja. Kununua nyingine hatukuweza. Mahindi yalikauka mwaka ule.

Wifi alikuwa na simu yenye intaneti, akajitolea kunisomea. Barua ya kwanza kuifungua ilikuwa ile ambamo binti yangu aliandika kwamba ameondoka kwa mumewe. Wifi alisoma polepole, sauti ikizidi kushuka, halafu nikasikia akiiweka simu mezani.

"Soma yote," nikamwambia.

"Nimemaliza, wifi."

Nilijua hajamaliza. Binti yangu hakuwahi kufunga barua bila kuniaga.

Jumapili akina mama wa kanisani walinijia na sukari na pole. Mmoja wao, mtu mwema tu, alinishika mkono akasema mwanaume akipiga mara moja si lazima ndoa ivunjike. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwanangu alipigwa.

Walipoondoka nikamwambia wifi, "Mimi mama yake umenificha, wao ukawaambia."

"Nilikuonea huruma," alisema.

Nilimpigia binti yangu nikamwambia asiandike tena, nikamweleza sababu. Akasema, "Sawa, mama."

Miaka ilipita, nikapata simu inayosoma kwa sauti nzuri kuliko ile ya kompyuta. Nikamwambia sasa aandike, hakuna mtu katikati yetu. Huwa ananitumia heri ya sikukuu, na picha za wajukuu ambazo siwezi kuziona. Nikimuuliza hali yake hujibu kwamba ni mzima, anamshukuru Mungu. Mambo yake mengine sijui siku hizi anamwandikia nani.