Mashine Isiyo na Kifuniko

Katika kiwanda cha nguo cha Morogoro, enzi mtu alipokuwa bado mtu, Cyprian alizoea kwamba mwenzenu akiumia mashine zote huzimwa mpaka abebwe nje. Kwa hiyo mashine ya kiwanda cha plastiki cha huku Brampton, Kanada, iliyong'olewa kifuniko ili iende kasi, ilipomng'ata kibarua mwenzake Domina kidole, Cyprian alikimbia akazima zote.

"Mzee, umeniponza!" Domina alinong'ona, akificha mkono ndani ya aproni. "Sisi vibarua hatuumii. Ukiumia, kesho huitwi."

"Lakini damu inakuchuruzika, mwanangu!"

"Washa, baba, nakusihi."

Msimamizi alikuwa anakuja, wala hana haraka. Cyprian akawasha. Domina akaurudisha mkono uleule chini ya chuma, na wenzao hawakuinua hata macho.