Dakika Tano Bila Mzigo

Nimeendesha jenereta ya kituo chetu cha afya, huku Ijara, kwa miaka tisa, na watu hunijua kwa ubishi. Haiingizwi ndani hata vumbi lipige namna gani, kwa sababu moshi wake huua watu wakiwa wamelala. Haiongezwi petroli ikiwa moto. Na haizimwi ghafla: kwanza unashusha swichi kubwa, yaani unaiondolea mzigo, kisha unaiacha ikimbie tupu dakika tano, ndipo unaizima. Wauguzi walinicheka, eti naibembeleza kama ngamia mwenye mimba. Wacheke.

Mama yangu alipoletwa kutoka Sangailu akiwa na kichomi, stima ilikuwa imepotea tangu siku iliyotangulia. Alikuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ilitegemea jenereta yangu. Asubuhi ile niliiwasha bila kujaza tangi, nipate kurudi upesi kumnywesha chai kijiko kwa kijiko. Mimi, mbishi mkubwa.

Baada ya adhuhuri nikaona petroli imekaribia kwisha. Nikamwambia muuguzi: nazima, ipoe robo saa, najaza, nawasha. Akachukua ule mpira wa kukamua hewa kwa mkono, akaanza kumpulizia mama. Mjomba wangu, ndugu yake mama, akanifuata nje. Sisi wawili huzungumza Kisomali, lakini siku hiyo alipaza sauti kwa Kiswahili ili muuguzi amsikie dirishani.

"Sister, huyu anaua dada yangu! Mwambie amimine hifyo hifyo, injini ikienda!"

"Abti, ikishika moto tutawapoteza wote walio mle ndani."

"Wote ni nani? Mimi niko na dada moja."

Nilisimama karibu na injini robo saa nzima, dumu nimeliweka mbali. Ningeweza kuingia nikamshika mama mkono. Mlango ulikuwa hatua sita tu. Sikuingia. Sikuwa na huzuni wala hofu, nilikuwa nimekufa ganzi, na jambo hilo linanitia aibu hadi leo.

Nikajaza, nikawasha, nikaiacha itulie, nikapandisha swichi. Nilipochungulia ndani, mama alifumbua macho. "Hooyo, imerudi," akaniambia. Kwetu mama humwita mtoto kwa neno lilelile ambalo mtoto humwita yeye. Nikamwambia ndiyo, imerudi.

Alasiri muuguzi akatoka, glavu ameshazivua.

"Zima tu, kaka," akasema. "Pole sana. Si ile robo saa yako. Mapafu yalikuwa yamejaa."

Nilimwamini, nadhani.

Nikashusha swichi. Injini ikawa inanguruma bila kumpa mtu yeyote chochote. Mjomba alipita, akaniangalia nikiangalia saa. Ningeweza kuizima palepale na hakuna ambaye angenilaumu. Nikasubiri dakika zote tano. Nilipoingia, walikuwa wamekwisha kumfumba macho, wamemfunga kidevu, na wamemgeuza kibla bila mimi.