Friji ya Mama wa Nkololo

Naomba mnicheke taratibu. Mimi ni fundi friji hapa Bariadi, na mteja akianza kueleza namkatiza: "Mama, hiyo kazi niachie mimi."

Ndivyo nilivyomwambia mama mmoja mkulima wa Nkololo. Nikajaza gesi, friji ikagandisha maji. Baada ya siku tatu akairudisha: "Mwanangu, bado mbovu." Nikabadilisha kompresa. Akairudisha tena! Kwangu inagandisha, kwake inakataa. Nilichanganyikiwa mpaka nikaanza kuhisi kuna mkono wa mtu.

Juzi, alipoichukua tena, nikamfuata kwake na kipima umeme changu mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. "Soketi iko wapi?"

Akanishangaa. Friji ilikuwa ghalani, waya wake umezungushwa tumboni kama kamba ili ubane mlango. Akaufungua. Ndani mlijaa karanga za mbegu, na panya akaruka miguuni pangu.

"Umeme huku haujafika, mwanangu. Shida yangu ni mlango haufungi, panya wananimalizia mbegu." Akanitazama kwa huruma. "Sasa hiyo baridi unayohangaika nayo, ni ya nini?"