Kombora Lililomuua Nanok

Isiolo hatuna bahari. Tuko na vumbi, ngamia, miraa, na upepo wa kung'oa mabati.

Lakini Jumamosi moja mwaka jana, meli ya mafuta ya vita iliingia mtaa wetu wa Kiwanjani. Nzima, kutoka pua mpaka mkia.

Ilikuwa picha kwa turubai, ndefu kuliko ukuta walioifungia. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: MT ZARINA, SHUJAA WA VITA VITATU.

Nilitema mate chini. Mzee aliyekuwa karibu na sufuria za pilau akaniangalia vibaya.

Hakujua. Hiyo meli mimi nimelala ndani yake. Nimekula ndani yake. Na kwa mikono hii, nimevuta rafiki yangu akiwa maiti kutoka tumboni mwake, kwa kamba.

Siku hiyo kampuni ya meli ilikuwa imeniita niambie watu wa Isiolo kwamba rafiki yangu aliuawa na kombora.

Wasee, hakukuwa na kombora.

Wacha niwapeleke pole pole.

Naitwa Waqo, Mborana wa hapa mjini. Rafiki yangu alikuwa Nanok, Mturkana wa Ngaremara. Tulifanya kazi petrol station moja kwa hii barabara ya kwenda Marsabit, yeye pampu ya dizeli, mimi ya petroli.

Kuna miaka watu wetu wamemalizana kwa sababu ya malisho. Sisi tulikula sahani moja. Watu walituita mapacha na hatufanani hata masikio.

Siku moja akaja ajenti kutoka Mombasa, anatafuta mabaharia.

"Mnajua kushika mpira wa mafuta?" akatuuliza.

"Ndio kazi yetu."

"Basi meli ni petrol station inayoelea. Twende."

Nanok akacheka mpaka akashika pampu. Mtu hajawahi ona maji yakipita magoti. Lakini alikuwa amemwoa Regina juzi juzi, na mtoto alikuwa njiani. Tukaenda. Tukafanya kozi, tukapata vyeti, tukapanda MT Zarina.

Kwa ofisi walitusomea historia ya hiyo meli kama wasifu wa mtakatifu. Eti ilijengwa kwa ajili ya jeshi la wanamaji la nchi fulani kabla sisi hatujazaliwa. Eti ilipeleka mafuta kwa manowari vita vikiwa vimewaka, na haikurudi nyuma. Ikauzwa, ikahudumu vita vingine. Sasa ilikuwa imekodishwa na jeshi la nchi nyingine, sitaitaja, kwa hii vita ya Bahari ya Shamu.

Shujaa bana.

Hakuna aliyetuambia vile shujaa ananuka.

Kutu ilikuwa inadondoka kwa chai. Unaitoa na kidole, unakunywa. Maji ya kuoga yalikuwa na rangi ya mkojo wa ngamia na juu yake yanang'aa mafuta. Ukipiga mswaki, ulimi unabaki na dizeli. Mende walikuwa wanalala ndani ya mkate, na mpishi wetu, Mfilipino mmoja mpole sana, alikuwa anaupasua mbele yetu ndio tuone yeye hakuwaweka.

Manowari ikija kuchukua mafuta, tunatembea nayo sambamba baharini, mpira katikati. Upande wao wanajeshi wamevaa glavu safi, harufu ya kahawa inatufikia. Upande wetu, harufu ya mtaro.

Sasa, siku ya Nanok.

Manowari moja iliomba mafuta ya helikopta. Hayo yanataka tanki safi kabisa. Sisi tulikuwa na tanki moja tupu, na lilikuwa limebeba mafuta machafu. Ilibidi lioshwe, halafu mtu ateremke akague.

Sheria ya tanki ni rahisi, hata mtoto anaielewa. Washa feni, ingiza hewa. Pima hewa na mashine. Mashine ikikubali, ndio mtu aingie. Mafuta yanaacha gesi, na hiyo gesi haikuonyi, haikuamshi. Inakuzima tu.

Feni ilikuwa imekufa kitambo. Mashine ya kupima hewa ilikuwa inaning'inia ukutani kama saa mbovu.

Bosun, msimamizi wetu mabaharia, akamwambia kapteni, "Tungoje."

Kapteni akajibu, "Manowari haingojei mtu. Shuka, angalia, toka."

Nanok ndiye alikuwa zamu. Akanipiga bega. "Nagaa, ndugu," akaniaga kwa amani, kwa Kiborana chake kibovu. Akashuka ngazi.

Nilimsikia akikohoa. Nikamsikia akiita, "Toto! Toto!"

Ni mama kwa Kiturkana.

Nikataka kuruka ndani, bosun akanishika kiuno. "Ukienda mko wawili!" Akavaa mtungi wa hewa, akashuka, akamfunga kamba. Tukamvuta. Alikuwa mzito, ananuka ile harufu, macho wazi.

Manowari ikaambiwa ingoje kidogo. Haikuambiwa kwa nini.

Tulipofika bandari, mwili ukasafirishwa nyumbani. Mimi nikakatazwa kushuka, eti mkataba haujaisha. Niliporudi Isiolo, Nanok alikuwa ameshazikwa Ngaremara.

Nilienda kwa Regina hata kabla ya kupumzika. Nilikuwa nimebeba ukweli kifuani kama jiwe.

Alikuwa amefunga mtoto mgongoni, anapanga makaa kando ya barabara. Nikamsalimia, nikaanza, "Shem, kuhusu vile Nanok..."

Akainua mkono. "Leo sitaki maneno ya meli. Kunywa chai."

Nikakunywa chai. Nikarudi wiki iliyofuata. Ikawa hivyo hivyo. Nilipoenda mara ya tatu, nikakaza.

"Regina, lazima ujue."

"Shem, kampuni inakuja kumheshimu mume wangu," akasema bila kuniangalia. "Na wewe wamekualika. Utakuja?"

"Kumheshimu? Hao?"

"Utakuja ama hutakuja?"

Nikamwambia nitakuja. Lakini nikaenda nyumbani nikipiga mawe teke. Nikasema, ameshanunuliwa. Hata huyu.

Siku chache baadaye, mtu wa kampuni akanipata kwa hoteli mjini. Jina lake Marete, kijana mpole, msafi, viatu havijui vumbi. Aliniagizia nyama kabla hata sijakaa.

"Waqo ndugu yangu, tunatengeneza filamu ya historia ya meli. Tunazunguka kwa nyumba za mabaharia. Wewe utasema tu vile droni ilikuja na kombora lake."

"Sikuona droni."

"Ulikuwa chini. Lakini ulisikia."

"Nilisikia mtu akiita mama yake."

Akaweka uma chini. Akasema kwa sauti ya chini, "Skiza. Mtu akifa kwa vita, meli ni shujaa, na jeshi linaongeza mkataba. Akifa kwa gesi, meli inafungwa. Vijana wangapi watakosa kazi? Na wewe wanataka kukufanya bosun."

"Na bosun wetu?"

"Alifutwa."

Nilisukuma sahani. Ile nyama ilikuwa imeanza kunuka tanki.

Nyumbani nikamweleza mama yangu, Mumina, yote. Alikuwa anafunika maziwa ya ngamia. Hakuacha kazi yake.

"Waqo, ulimi ni wako," akasema. "Usiukodishe. Ukirudishwa utakuwa umechafuliwa."

Basi, ile Jumamosi ikafika.

Turubai la meli ukutani. Mahema. Pilau. Chifu, pasta na sheikh kwa mstari mmoja. Kamera mbili kubwa za kampuni, na watu wenye vifaa vya masikio wakizunguka kama wako harusini.

Na mbele kabisa, Regina. Amevaa tisheti ya buluu. Imeandikwa mgongoni, FAMILIA YA ZARINA.

Niliangalia kando, wallahi.

Wakaonyesha filamu. Muziki wa huzuni. Meli inapasua mawimbi. Sauti nzito ya mtu inasema meli hii haijawahi kukimbia vita. Kisha picha ya ukuta wa meli uliounguzwa mweusi.

"Hapa," sauti ikasema, "ndipo kombora la adui lilipopiga na kumuua kijana wetu jasiri."

Wamama wakaanza kulia.

Mimi nikaangalia ule weusi. Niliujua. Ni ukuta wa nyuma ya jiko. Yule Mfilipino alikuwa anakaanga samaki, mafuta yakashika moto, tukazima na blanketi. Tulikula samaki wale wale wakiwa na majivu.

Yaani mtu amekufa, na kifo chake wamekipakia kwa moto wa samaki.

"Sasa tumwite shahidi," Marete akasema kwa maikrofoni. "Rafiki wa shujaa, Waqo!"

Makofi. Nikasimama. Kamera zikageuka.

Kabla sijafungua mdomo, Regina akainuka.

"Kabla aongee, naomba nimuulize kitu."

Marete akafurahi. Mjane, machozi, kamera, alitaka nini tena? Akampelekea maikrofoni mwenyewe.

Regina akanitazama. Macho makavu kabisa.

"Waqo. Kombora lilimpiga Nanok wapi? Kifua? Kichwa? Wapi?"

Nikasikia tu turubai likipigwa na upepo.

"Hakuna kombora, shem," nikasema.

Na ikatoka yote. Feni. Mashine. Kapteni. Manowari haingojei mtu. Niliwaambia ule weusi kwa picha ni wa samaki. Mtu akazima spika, nikaongeza sauti. Marete alikuwa anapunga mikono, "Kata! Kata!" lakini mtu wa kamera alikuwa ameganda, mdomo wazi, kamera inaendelea.

Nilipomaliza, nikamgeukia Regina. Nilidhani ataanguka.

Hakuanguka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua aje?"

"Pale mochari watu wa kampuni waliniambia nisifungue sanduku. Eti jeraha la kombora si la mwanamke kuangalia. Nikangoja watoke, nikamwambia yule mtu wa mochari, huyu ni wangu, fungua." Akawageukia watu. "Nilimwosha mwenyewe, kichwa mpaka miguu. Hakuna jeraha. Hakuna hata mkwaruzo. Kombora gani linaua mtu na halichani shati?"

Chifu akavua kofia.

"Kucha tu," Regina akasema. "Kucha za mikono zilikuwa zimevunjika zote. Hiyo ndiyo sikuelewa. Nimelala na hizo kucha kichwani kila siku. Waqo, ni nini?"

Hapo ndipo mimi nililia. Kwa sababu mimi nilijua, na sikutaka kujua.

"Ni ngazi," nikamwambia. "Alikuwa anajaribu kupanda."

Akafunga macho. Akayafungua.

"Asante. Ungeniambia nyumbani ingekuwa maneno ya mjane na rafiki yake. Nani angetusikiza? Nilitaka useme mbele ya kamera zao."

Kisha akavua ile tisheti juu ya gauni lake, akaiweka kwa meza ya chifu, imekunjwa vizuri, kama mtu anarudisha sahani ya jirani.

Wazee wakaweka pilau chini. Hakuna aliyeambiwa. Mmoja baada ya mwingine, sahani chini.

Marete alijaribu kuomba simu za watu wafute video. Umewahi kuona mtu akikusanya upepo kwa gunia? Kabla ya swala ya alasiri ilikuwa imefika Moyale, mpakani.

Alinifuata nyuma ya mahema. Viatu sasa vilikuwa na vumbi.

"Mimi niliambiwa kombora," akasema. "Naapa. Mpaka ile siku ya hoteli nilikuwa naamini."

"Na baada ya hoteli?"

Akakung'uta viatu. Akaenda.

Nilifikiri hapo ndio mwisho.

Wiki ile ile nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mama.

"Salaam aleikum. Wewe ndio Waqo wa ile video?"

"Waleikum salaam. Ndio mimi."

"Naitwa Hibo, niko Garissa. Mume wangu alikufa kwa hiyo Zarina, vita ya kabla ya yenu. Waliniambia ni shambulio. Waliniambia ameshaoshwa, ameshaswaliwa, azikwe haraka, tusifungue."

Nikakaa chini.

"Na mko wangapi mlioambiwa hivyo?" nikamuuliza.

"Wewe ndio ungeniambia," akasema.

Mpaka leo tumepatana familia nne. Tofauti ya nchi, tofauti ya lugha, na maneno ni yale yale: shambulio, shujaa, msifungue. Hiyo ndiyo historia ya utumishi ya MT Zarina. Si vita vitatu. Ni tanki moja chafu na watu wanaoshushwa ndani yake, kisha wanapakwa rangi ya ushujaa.

Meli imezuiliwa kwa bandari moja huko, wakaguzi wameingia. Kesi iko kortini na wakili wetu anasema tujipe subira. Kapteni hajulikani aliko. Mimi hakuna meli itaniajiri tena, nimerudi kwa pampu. Ya dizeli. Regina anapitanga na mtoto jioni akitoka sokoni, tunaongea mambo mengine.

Watu wananiuliza kama najutia ile kazi ya bosun. Nawaambia nimekula mende, nimekunywa kutu, lakini kuna kitu hata mimi siwezi kumeza.

Wewe unayesoma hii, kama una mtu wako huko majuu, Ghuba, baharini, popote, shika hili: siku wakikuletea sanduku na sifa nyingi, wapishe na sifa zao. Fungua sanduku. Mwoshe mtu wako mwenyewe. Maiti haisemi, lakini pia haidanganyi.