Gari la mjomba halili nguruwe

Mniwie radhi kwa mwandiko huu unaopinda na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule niliacha baada ya darasa la saba, na naandika polepole, neno moja kisha napumzisha mkono. Kuongea mbele za watu ndiyo naogopa zaidi. Lakini jambo hili la mafuta nitalisema, maana limesemwa vibaya na watu wengi.

Mimi hutengeneza dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia. Ninaishi Oli, pembeni mwa mji wa Arua. Wanawake wa hapa hukaanga sambusa, chapati na samaki, na mafuta yakishakuwa meusi walikuwa wanayamwaga mtaroni. Nikaanza kuwaomba. Nayachuja kwa kitambaa, nayapasha moto mpaka maji yaishe, yakipoa nachanganya na spiriti na ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Kesho yake uto mzito mweusi umezama chini, na juu kuna mafuta mepesi, rangi ya chai ya mkandaa. Hayo nayaosha, nayakausha, nayatia kwenye pikapu ya mjomba wangu.

Mwanzoni nilikosea. Spiriti ilikosekana madukani, nikaenda Ayivu kununua waragi ya muhogo, ile pombe kali inayochoma koo. Nilidhani kali ni kali tu. Kumbe waragi ina maji ndani yake. Pipa zima likaganda, likawa sabuni. Mama aliifulia nguo mpaka akachoka, na majirani wakawa wananiuliza bei ya kipande. Nikangoja spiriti irudi madukani, nikaanza tena.

Mjomba hubeba unga wa muhogo kutoka Ayivu mpaka Koboko. Mteja wake mkubwa kule ni mama mmoja Mwislamu, mwenye duka la unga na jiko la chapati mbele yake. Huyo akikuacha, soko zima linakuacha. Siku moja mjomba alirudi na magunia yote mgongoni mwa gari.

"Wanasema gari langu linakula nguruwe na kunywa pombe," akaniambia. "Yule mama wa duka hataki unga wake ubebwe kwa haramu. Kesho twende wote. Utamwambia ni dizeli ya kituo cha mafuta. Akikataa tena, pipa lako nalimwaga."

"Sisemi uongo, mjomba."

"Utasema nini basi, wewe ambaye hata salamu inakushinda?"

Kesho yake alfajiri nilipanda gari.

Koboko tulikuta wanawake wamejaa dukani. Yule mama alikuwa anageuza chapati. Hakuacha kugeuza.

"Hii ndiyo toto ya kupika mafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Sema na nguvu! Iko na nguruwe ama hapana?"

Mjomba akadakia, "Mama, ni dizeli ya kawaida tu..."

"Si ya kawaida," nikasema. "Ni mafuta ya Oli. Ya sambusa, ya chapati, ya samaki. Wengi wanaonipa ni Waislamu kama wewe. Wauza nguruwe sijawahi kuwaomba."

"Na pombe?"

"Pombe nilijaribu. Ilikataa. Ikawa sabuni."

Muuza nyanya mmoja akapiga makofi. "Wallahi, hata pombe yenyewe iliogopa kuja Koboko!"

Wakacheka wote, ila yule mama.

"Na hii ya sasa?"

"Ni spiriti ya kiwandani. Ni sumu, mama. Ukionja unapofuka macho. Hakuna mtu anayeinywa."

Akafuta mikono, akazunguka nyuma ya gari. "Washa."

Mjomba akawasha. Yule mama akashika ukingo wa mtandio, akainama kwenye bomba la moshi, akanusa.

"Hii sambusa iko na kitunguu mingi," akasema.

Kisha akaingia dukani, akatoka na jerikani ya mafuta meusi ya chapati. "Chukua. Hii nimekaanga mimi. Unga yangu ibebwe na mafuta yangu."

Mjomba alikuwa ameshaipokea. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Nikasema, "Mama, pipa langu ni moja. Haya nitayachanganya na ya Oli. Siwezi kukudanganya kwamba nitayatenga."

Akarudi jikoni, akageuza chapati iliyokuwa inaanza kuungua.

"Changanya," akasema. "We mzee, unasimama hapo kama nguzo kwa nini? Shusha unga!"

Pipa langu halikumwagwa. Wako ambao mpaka leo hawapakii mizigo kwetu, na wako wanaoziba pua kwa kuigiza tunapopita. Gari linanuka sambusa? Acha linuke. Linapanda mlima wa Arua na magunia mgongoni, na mtaro wa Oli hauna tena utando wa mafuta.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unakaanga, niandikie: mafuta yako unayamwaga wapi? Na kama unaona hii ni haramu, niandikie pia, unieleze kwa nini. Usijali mwandiko. Nitachelewa kujibu, lakini sitanyamaza.